Aibu ya Unene na Jina la Jumuiya: Wanaume Wapendao Wanaume Nchini Marekani tangu 1969

Utangulizi

Historia ya makundi yaliyoaibishwa aghalabu husimuliwa kama historia ya ukombozi: kundi hudharauliwa, huzinduka, hujipa jina jipya, na hatimaye hujipatia heshima. Simulizi ya namna hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Haisemi lolote juu ya wale ambao, baada ya kundi kufunguliwa mlango, hujikuta wamefungiwa nje na wenzao wenyewe. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kadhia inayochunguzwa katika makala haya ni ushahidi wa methali hiyo.

Makala haya yanahusu wanaume wanene miongoni mwa wanaume wapendao wanaume nchini Marekani. Watu hawa walitwikwa aibu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa jamii nzima, iliyowahukumu kwa ajili ya mapenzi yao. Ya pili ilitoka kwa wale waliokuwa wamehukumiwa pamoja nao, ambao waliwaona hawafai kutazamwa wala kupendwa kwa sababu ya miili yao. Ili kujinasua na aibu hii ya pili walifuata njia mbili, na tofauti baina ya njia hizo ndiyo hoja ya makala haya. Njia ya kwanza ilikuwa kujenga mahali ambapo mtu mnene angeweza kuketi, kula na kuogelea bila ya kuomba radhi. Njia ya pili ilikuwa kutunga jina jipya lenye kuusifu mwili mkubwa. Njia ya pili ilipata umaarufu zaidi, lakini ndiyo iliyozaa ubaguzi mpya.

Kabla ya kuendelea, yafaa kusema machache juu ya msamiati. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka na lisilo na miiba la kumtaja mwanamume ampendaye mwanamume. Neno shoga, ambalo sasa hutumiwa sana kwa maana hiyo, ni neno la urafiki lililotumiwa na wanawake wa pwani wanapoitana. Lilipohamishiwa kwa wanaume lilihama pamoja na dhihaka, kwani lilidokeza kwamba wanaume hao si wanaume. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia maelezo badala ya jina hilo. Kuhusu unene, Kiswahili kina ngazi nyingi: mnene ni neno la kawaida, bonge na kibonge yana utani ndani yake, tipwatipwa huuchora mwili unavyotikisika, na kunona husemwa hasa juu ya mnyama aliye tayari kuchinjwa. Anayefasiri historia hii hana budi kuchagua ngazi yake kwa uangalifu, maana wahusika wenyewe walipigana vita vyao kwa maneno.

Mwili uliotukuzwa

Ni kosa kudhani kwamba mwili wa misuli ulitukuzwa miongoni mwa wanaume hawa kwa sababu ya tamaa tu. Sheria nayo ilichangia. Mwaka 1945 mpiga picha Bob Mizer alianzisha Athletic Model Guild katika mji wa Los Angeles, na kuanzia mwaka 1951 akachapisha jarida la Physique Pictorial. Wakati huo kuchapisha waziwazi habari za mapenzi ya wanaume kwa wanaume kulimweka mchapishaji katika hatari ya kushtakiwa kwa uchafu. Lakini picha ya mwanamichezo aliyejenga kifua ilikuwa na kinga fulani: iliweza kutetewa kwamba ni ya mazoezi, ya afya, au ya sanaa ya Kiyunani. Hata mwaka 1962, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya MANual Enterprises dhidi ya Day kwamba majarida ya aina hiyo yasizuiliwe katika posta, mazoea yalikuwa yamekwisha kukomaa. Kwa muda wa miaka mingi picha ambayo mtu wa aina hii angeweza kuipokea kwa posta na kuitazama kwa siri ilikuwa ni picha ya mwili mmoja tu. Kile kilichoanza kama kisingizio mbele ya hakimu kikageuka kuwa kipimo cha uzuri.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, wateja wa baa ya Stonewall Inn katika mji wa New York waliwapinga polisi waliokuja kuwakamata. Katika miaka iliyofuata mitaa ya wazi ilianza kustawi, nao mtaa wa Castro katika San Francisco ukawa mashuhuri kupita yote. Ndipo ulipotokea mtindo ambao mwanasosholojia Martin Levine aliuchunguza kwa makini katika kitabu chake Gay Macho, kilichochapishwa mwaka 1998, miaka mitano baada ya kifo chake. Wanaume walinyoa nywele fupi, wakafuga masharubu, wakavaa jinzi na fulana za kubana, na wakaenda katika vyumba vya mazoezi mpaka miili yao ikafanana. Watu wa mitaani waliwaita nakala, kana kwamba wametolewa katika kalibu moja.

Mtindo huo ulikuwa na hoja nyuma yake. Tusi la kale lililowafuata wanaume hawa lilikuwa kwamba wao ni dhaifu na wana tabia za kike. Kifua kipana na mkono wa misuli vilikuwa ni jibu la tusi hilo, jibu lisilohitaji kutamkwa. Hata hivyo, hoja inayotolewa kwa mwili ina hasara yake: wale ambao miili yao haiwezi kuitamka hubaki bila ya sauti. Mwanamume mnene alionekana kuwa ni mtu asiyejitawala, na pia mtu anayelipa nguvu tusi ambalo wenzake walikuwa wakijitahidi kulifuta. Katika matangazo ya kutafuta wapenzi likazoeleka sharti lililowakataa kwa pumzi moja wanene na wale wenye mwenendo wa kike. Uunganishaji huo haukuwa wa bahati. Wote wawili walishtakiwa kwa kosa lilelile la kupungukiwa na uanaume.

Mapana na bashasha

Miaka hiyohiyo harakati nyingine ilikuwa ikichipuka. Mwaka 1967 watu wapatao 500 walikusanyika katika bustani ya Central Park, New York, wakala hadharani na kuchoma vitabu vya kupunguza uzito, ili kupinga dharau dhidi ya wanene. Mwaka 1969 mhandisi William Fabrey, ambaye mwenyewe hakuwa mnene lakini alikerwa na jinsi mkewe alivyotendewa, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha NAAFA, kilichokusudiwa kuwasaidia Wamarekani wanene. Mwaka 1973, Judy Freespirit na mwenzake aliyejulikana kwa jina la Aldebaran, wanawake wa kundi la Fat Underground huko Los Angeles, walitoa ilani iliyodai haki sawa kwa wanene na kuvitaja viwanda vya kupunguza uzito kuwa ni adui. Kwa hiyo fikra ya kwamba unene si dhambi wala si ugonjwa wa nia ilikuwa imekwisha kupata wasemaji wake. Iliyokuwa bado ni fikra hiyo kuingia katika mitaa ya wanaume wapendao wanaume.

Iliingia mwaka 1976, pale chama cha Girth & Mirth kilipoanzishwa San Francisco. Jina lake lastahili kutazamwa na wanalugha. Maneno hayo mawili yana vina, na kwa Kiswahili yaweza kufasiriwa kuwa Mapana na Bashasha. Neno la kwanza lataja mzingo wa kiwiliwili, yaani kile hasa ambacho mtu mnene hufundishwa kukificha chini ya shati pana. Neno la pili ladai kwamba mwenye mzingo huo ni mtu wa furaha. Hakuna uanaume uliotajwa, wala nguvu, wala uzuri. Vyama vya jina hilohilo vilifuata katika miji mingine, nazo katikati ya miaka ya 1980 vikaungana, na mkutano wao wa kila mwaka ukaitwa Convergence, yaani makutano.

Ndani ya vyama hivi kulikuwa na majina mawili. Mnene aliitwa kwa neno lililo karibu na kibonge la Kiswahili, na mwanamume aliyempenda mnene aliitwa mfukuziaji. Yote mawili yalikuwa yametoka katika kinywa cha mdhihaki, nayo yalichukuliwa kama yalivyo na kugeuzwa majina ya nyumbani. Mgawanyo huo haukukosa kasoro zake, kwani uligawa watu katika wenye kutamaniwa na wenye kutamani. Lakini uliweka wazi jambo ambalo mtaa wa Castro ulilikana, nalo ni kwamba mwili mnene unaweza kutamaniwa wala si kuvumiliwa tu.

Kazi ya vyama hivi inaeleweka vyema katika kitabu cha mwanasosholojia Jason Whitesel, Fat Gay Men, kilichochapishwa mwaka 2014. Whitesel hakuishia kwenye ilani. Aliwafuata wanachama katika shughuli zao, ikiwemo sherehe ya mwisho wa juma iliyofanyika kila mwaka katika moteli moja ya Oklahoma City. Alichokikuta huko kilikuwa ni michezo, mzaha, chakula na bwawa la kuogelea. Msomaji mwenye haraka anaweza kuyaona mambo hayo kuwa mepesi. Lakini Erving Goffman alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya watu wenye alama ya aibu, kwamba mtu wa namna hiyo huishi akijihesabia kila tendo mbele ya macho ya wengine. Kwa mtu mnene, kula mbele ya watu ni kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kuvua shati kando ya bwawa ni kujipeleka mahakamani. Anayeweza kufanya yote mawili kwa siku mbili bila ya kutazamwa kwa jicho la hukumu amepumzishwa mzigo ambao wengine hawajui kwamba aliubeba.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba chama hakikumdai mwanachama wake abadilike kwanza. Hakikumtaka awe na sura fulani ya unene. Kilichotakiwa ni kufika.

Ukimwi na maana ya kukonda

Tarehe 5 Juni 1981, wakuu wa afya wa Marekani walitangaza ripoti ya kwanza juu ya ugonjwa uliowapata vijana watano wa Los Angeles, waliokuwa wanaume wapendao wanaume. Maradhi hayo, ambayo baadaye Kiswahili kiliyaundia jina la UKIMWI kutokana na maneno Upungufu wa Kinga Mwilini, yaligeuza maana ya miili. Wagonjwa wengi walikonda kupita kiasi, hata mwaka 1987 kukonda huko kukatiwa nafasi katika ufafanuzi rasmi wa ugonjwa nchini Marekani.

Afrika Mashariki iliujua ukweli huo kwa lugha yake. Mwaka 1985 matabibu waliofanya kazi Uganda waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kuuita Slim, neno la Kiingereza la wembamba lililokopwa na kufanywa jina la maradhi. Tangu hapo kale mzungumzaji wa Kiswahili alimwambia jamaa yake kwamba amenenepa au amenawiri, na aliyeambiwa akaipokea kauli hiyo kama pongezi. Aliyeambiwa amekonda alijua kwamba anaulizwa hali yake. Ugonjwa uliikuta tofauti hiyo na kuitia hofu. Kukonda kukawa ni habari inayonong'onwa.

Katika miji ya Marekani mabadiliko ya maana yalitokea kwa namna inayokaribiana na hiyo, ingawa mahali pa kuanzia palikuwa tofauti, maana huko wembamba ndio uliokuwa umesifiwa. Mwili mkubwa, uliodharauliwa miaka kumi kabla, ulianza kusomwa na baadhi ya watu kama mwili wenye uhai. Lakini hofu hiyohiyo ilikuwa na tawi la pili. Wengine waliikimbilia misuli kwa bidii zaidi, ili wathibitishe kwamba wangali wazima, na dawa za homoni zilizotumiwa kuwarudishia nyama wagonjwa waliokonda zilisaidia kuujenga mwili huo. Kwa hiyo kifo kiliupa unene nafasi ya kuheshimiwa, na papo hapo kikaipa misuli sababu mpya ya kutukuzwa. Katika hali hiyo ndipo lilipostawi jina la dubu.

Dubu na uzio wake

Kufananisha wanaume hawa na wanyama hakukuanza na ukimwi. Mwaka 1979 mwandishi George Mazzei alichapisha katika jarida la The Advocate makala ya mzaha iliyowagawa wanaume wapendao wanaume katika aina za wanyama, na dubu akiwa mmojawapo. Lakini aliyeliimarisha jina hilo ni Richard Bulger, ambaye mwaka 1987, pamoja na mpiga picha Chris Nelson, alianzisha Bear Magazine huko San Francisco. Humo walionekana wanaume wa makamo, wenye ndevu, wenye nywele kifuani, wenye matumbo, waliovaa mashati ya kazi. Baa ya Lone Star Saloon, iliyofunguliwa katika mji huo mwaka 1989, ikawa maskani yao. Mwaka 1995 Craig Byrnes aliwatungia bendera, yenye mistari ya rangi za manyoya ya dubu wa dunia na alama ya unyayo, na mwaka 1997 mwanahistoria Les Wright alihariri The Bear Book, mkusanyo uliolifanya kundi hili kuwa mada ya kitaaluma. Muda si muda vyama vya madubu vilienea Ulaya, Australia na Amerika ya Kusini.

Ufanisi huo haukuwa mdogo, na ni haki kuutambua. Mwanamume wa miaka hamsini mwenye kitambi, ambaye mtaa ulikuwa umemsahau, alijiona kwa mara ya kwanza katika jalada la jarida. Hata hivyo, mtu akilichunguza jina lenyewe ataona lilivyofanya kazi. Girth & Mirth ilitaja unene wenyewe. Dubu hakuutaja, aliufunika kwa manyoya. Unene wa dubu ulisameheka kwa kuwa ulikuwa ni unene wa mnyama mwenye nguvu, wa msituni, dume. Mwanasosholojia Peter Hennen, katika uchunguzi wake wa mwaka 2005 na kitabu chake cha mwaka 2008, alionyesha kwamba utamaduni huu ulileta upole na kukumbatiana miongoni mwa wanaume, lakini papo hapo ulijenga heshima yake kwa kujitenga na kila kilichofanana na uanamke. Aliongeza kwamba wengi wa wanachama walikuwa weupe wa tabaka la kati. Kwa maneno mengine, jibu lililotolewa mbele ya tusi la kale lilikuwa ni lilelile la miaka ya 1970, ila lilitolewa na mwili mwingine.

Matokeo yake yalionekana katika msamiati. Dubu alizaa majina: kijana akaitwa mtoto wa dubu, mwembamba mwenye nywele akaitwa fisi maji, na aliyejenga mwili akaitwa dubu wa misuli. Huyu wa mwisho ndiye aliyesogea taratibu mpaka mbele ya kamera. Mwanamume mnene mwenye ndevu alikuwa amepata jina la heshima, naye hakuhitaji tena kuitwa kibonge. Lakini mnene asiye na nywele, mwenye sauti laini na mikono inayocheza anapozungumza, alibaki na majina ya zamani tu. Naam, hali yake iliongezeka ugumu, kwani sasa hakuweza kusema kwamba wote wanene wamedharauliwa pamoja.

Hitimisho

Aibu ya pili haikwisha kwa ujio wa dubu. Mwaka 2016 watafiti Olivia Foster-Gimbel na Renee Engeln walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo zaidi ya theluthi moja ya wanaume wapendao wanaume walioulizwa walisema wamewahi kubaguliwa kwa sababu ya uzito, na wengi miongoni mwao hawakuwa wanene kwa vipimo vya tabibu. Ubaguzi uliotajwa mara nyingi zaidi ni kukataliwa na mtu waliyemtaka. Grindr, programu ya simu ya kutafuta wapenzi iliyoanza mwaka 2009, ilirithi lile sharti la matangazo ya magazeti, likiwakataa wanene na wenye mwenendo wa kike kwa pumzi ileile. Mwaka 2018 wenye programu hiyo walilazimika kuanzisha kampeni ya kuwaomba watumiaji wawe na huruma.

Historia hii ina funzo kwa wanaochunguza lugha za makundi yaliyodharauliwa. Imezoeleka kusifu tendo la kulinyakua jina la tusi na kuligeuza fahari, na sifa hiyo aghalabu inastahili. Lakini haitoshi kuuliza ni nani aliyelinyakua jina. Budi kuulizwa pia jina hilo lilikombolewa kwa bei gani, na ni nani aliyetolewa kuwa malipo. Waliojiita dubu walikomboa unene wao kwa uanaume, na waliokosa uanaume wa aina hiyo ndio waliolipa. Waliokutana chini ya jina la mapana na bashasha walikuwa wachache, hawakuwa mashuhuri, na mara nyingi walichekwa hata na wenzao. Lakini katika lile bwawa la Oklahoma City hakuna aliyeulizwa kama ana ndevu.

Msanifu wa kamusi ya Kiswahili atakapofika kwenye neno bonge, ataandika pengine kwamba ni mtu mnene, kisha ataendelea na neno linalofuata. Ingefaa aongeze ni nani humwambia nani neno hilo, na mahali gani. Tofauti baina ya jeraha na ukaribisho imo katika hayo mawili, wala haimo katika maana ya neno.